Wimbo Unaoanza na Neno Baba

Mwanangu Makori,

Kuna jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, si Mama, si Nyaboke, si msichana ninayelala naye kitanda kimoja shuleni. Ule mstari wa kwanza wa wimbo mnaoimba shambani, "Baba, niite jina langu," ni wangu. Niliutunga mimi wakati wa likizo, nikiwa nimeinama juu ya majani chai ili mtu asione uso wangu.

Wewe unadhani ulitoka kwa wanawake. Nyaboke, mchuma chai mwenzako, anadhani aliuota. Bwana Kofia, mzungu mwenye shamba, anadhani ni wewe uliyeutunga, na alipokuuliza ukajibu, "Ndio, ni mimi," kwa sababu hukutaka mwanamke yeyote aulizwe mbele ya watu. Kesho unarudi kwenye shamba lake, na unatakiwa kurudi na karatasi ya Kiingereza ambayo bado sijaiandika. Iko hapa mezani, nyeupe, kando ya hii. Nimeanza na hii kwanza. Nilidhani itakuwa rahisi zaidi.

Najua utashangaa kuona binti yako anakuita mwanangu kwenye karatasi. Lakini ulianza wewe. Tangu mliponipa jina la mama yako, Kwamboka, aliyekufa kabla mimi sijaja, hujaniita jina hilo hata mara moja. Unaniita baba, kama kila mwana wa Kigusii anavyomwita mama yake mzazi. Nikiwa mdogo nilifikiri ni kawaida watu wazima kuomba ruhusa kwa watoto. "Baba, niende sokoni?" Nami nasema, "Nenda, lakini usichelewe," na nyumba yote inacheka. Unakumbuka yule mwalimu mgeni kutoka Taita, aliyekuja kukuambia nimefaulu? Alikaa, akapewa uji, akakusikia ukisema, "Baba, mletee mwalimu sukari." Akaangalia mlangoni kama kuna mzee anayeingia. Nikaja mimi na sukari.

"Mzee," akasema, "huyu ni baba yako au ni binti yako?"

"Ni mama yangu," ukamjibu.

Mwalimu akauinamia uji wake mpaka ukaisha.

Kwa hiyo nakuandikia kama mama. Na naandika Kiswahili kwa sababu Ekegusii ni lugha ya jikoni kwetu, na jikoni mimi ni mtoto, naona haya. Kiswahili nimekipata shuleni. Nikikivaa ni kama koti la mtu mwingine, kubwa kidogo, na ndani yake naweza kusimama wima. Wewe unakisoma vizuri kuliko unavyokubali. Nimekuona ukifuata Biblia kwa kidole, na ukifika neno usilolijua unakohoa.

Sitakwambia uchukue sweta. Mama ameshasema habari za sweta, na za mahindi ya kuchoma, na za kutolala na soksi zenye maji. Jua lilipozama nyuma ya milima ya Manga na Sabato ikaisha, nilimwona akifunga mzigo wako kwa nguvu kana kwamba umemkosea. Mimi nataka kukuambia yale ambayo nimekosea mimi. Nina miaka kumi na sita, makosa yangu si mengi, lakini niliyonayo yananisumbua.

Siku niliyotunga ule mstari ilikuwa siku ya mvua. Tulikuwa kwenye foleni ya kupima majani, wewe mbele yangu, kikapu chako kimejaa hadi juu. Bwana Kofia alikuja na mwanawe, yule wa miaka sita hivi, na uwanja wote ulikuwa tope. Akanyoosha fimbo yake kwako.

"Boi! Wewe, boi! Kuja beba toto."

Ukaweka kikapu chini, ukapoteza nafasi yako kwenye foleni, ukamweka mtoto mabegani ukaelekea naye kwenye gari. Mtoto akakupiga kichwani kama ngoma. "Boi, kimbia! Boi, kimbia!" Ukakimbia. Watu walicheka, kwa sababu mtoto alikuwa akicheka na kicheko chake kilikuwa kizuri, hata mimi nilikisikia kuwa kizuri. Kisha ukageuka kutazama kama nimeona. Nami nikajifanya ninatoa mdudu ndani ya kikapu changu.

Hapakuwa na mdudu.

Uliporudi ulisema, "Mzito yule mtoto, baba. Wanamlisha." Nikasema ndio.

Wewe unajua, na Bwana Kofia hajui, kwamba kwetu mtu mzima akiitwa omoisia, kijana asiyetahiriwa, ugomvi wake hauishi mpaka wazee waketi na kitu kichinjwe. Mwaka juzi mlikaa kikao siku nzima kwa ajili ya mtu aliyetamka neno hilo akiwa amelewa. Lakini kule shambani mnaitwa boi asubuhi na jioni, wewe na wazee wenye mvi, na neno lile lile likipita kwenye Kizungu linakuwa kama jina la kazi, kama karani au dereva. Niliwahi kumuuliza Mama. Akasema, "Hasira ya kule inabaki kule. Wewe soma." Nimesoma. Bado sijaelewa hasira inabakije mahali wakati mwenye hasira anarudi nyumbani.

Basi nikiwa nimeinama pale, nilifikiri: mama yake Makori angefanya nini? Halafu nikakumbuka kwamba mama yake Makori ni mimi, na ninatafuta mdudu. Ndipo mstari ukaja. Haukuja kwa sauti yangu. Ulikuja kwa sauti yako, unamwambia mama yako: baba, niite jina langu. Katika shamba lile lote mtu wa kuliita alikuwepo, na alikuwa kimya.

Nyaboke alikuwa nyuma yangu. "Unasema nini, wewe mtoto wa vitabu?"

"Hakuna."

"Hebu sema tena hicho hakuna chako."

Nikausema tena, polepole, kana kwamba ni kitu nilichokisikia mahali. Siku ya pili alikuwa anauimba. Siku ya tatu wanawake wa safu zote za chai za chini walikuwa wanauimba, na wewe ukautia sauti ya ule wimbo wetu wa kufungia ibada, kwa sababu wewe huwezi kusikia maneno bila kuyatafutia kwaya. Mimi nikarudi shuleni. Nilipokuwa mbali ukakua bila mimi, kama mtoto aliyelelewa na shangazi.

Nyaboke alikuja kunisimulia yaliyofuata tulipokutana sokoni Ekerenyo. Alisema mstari wangu ulikuwa mzuri lakini ulikuwa unalia tu. (Hakujua ni wangu, kwa hiyo alisema kweli.) Yule fundi Mjaluo wa kiwandani aliwacheka: "Nyinyi Wakisii, mzungu anawaita watoto, na nyinyi mnamwita baba! Mtaomba na pipi?" Wanawake wakamjibu kwamba baba ni mama, yeye hajui lugha. Akasema, "Sawa, mnamwita mama. Hiyo ni nafuu?" Ndipo mtu mmoja, Nyaboke hakumbuki ni nani, akaongeza mwisho:

*Baba, niite jina langu,*
*nimeshakuwa mtu mzima;*
*anayeniita boi shambani,*
*sisikii, sisikii.*

Ile "sisikii" ndiyo iliyoleta mambo. Mstari wangu uliomba. Huu wa mwisho haukuomba kitu. Asubuhi moja mlipokuwa mmesimama kuhesabiwa, Bwana Kofia akaita, "Boi!" na hakuna mwanamume aliyegeuka. Akaita tena, kwa nguvu. Nyaboke anasema walisikia maji yakidondoka kwenye mabati. Halafu mwanamke mmoja nyuma akaanza kuguna ile sauti ya ibada, bila maneno, mdomo umefungwa. Wengine wakaguna. Nyapara akatazama viatu vyake. Mwishowe Bwana Kofia akasema, "Nyapara, ita hawa watu," na nyapara akafungua kitabu akasoma majina, moja moja. Kila mtu akaitika kwa sauti kubwa kama yuko harusini.

Niliposikia hivyo nilifurahi mpaka nikaogopa. Nilitembea kutoka sokoni nikikanyaga madimbwi. Nilidhani nimeelewa: wimbo ni kitu ambacho mtu mwoga anaweza kukiachilia, kikaenda kusimama mahali ambapo yeye hawezi.

Halafu ukatuletea ile habari ya mtoto wa Bwana Kofia, na sasa sielewi tena.

Yaya wa nyumba kubwa huimba akipiga pasi. Mtoto akaudaka wimbo. Mama yake alipomwita kuoga, akaingia chini ya meza, akaimba, "Sisikii, sisikii!" Mama yake akacheka mpaka akakaa chini. Wiki nzima walimcheka. Kisha siku moja ulikuwa unatengeneza ua, misumari mdomoni, akaja akasimama mbele yako.

"Boi," akasema.

Hukujibu. Ulituambia hata wewe hujui kama ni kwa sababu ya wimbo au kwa sababu ya misumari.

"Boi." Kisha akafikiri. "Jina lako nani?"

Ukatoa misumari. "Makori."

"Makori," akasema, "nibebe."

Ukambeba.

Ulipotusimulia ulicheka, halafu ukasema, "Tangu niingie shamba lile, hakuna mtu wa nyumba ile aliyewahi kuniuliza." Nimelifikiria neno hilo kila siku. Je, huo ndio ushindi? Mtoto amelijua jina lako na bado yuko mabegani mwako. Au ushindi ni kwamba safari hii alikuomba mtu, hakuamuru boi? Lakini hata hakuomba, alisema tu, "Nibebe." Na nikijiuliza kama nimchukie, namwona chini ya meza, anaimba mstari uliotoka kwenye kikapu changu, na siwezi. Nikijiuliza kama nimpende, nakuona unakimbia kwenye tope. Mjomba anasema tunajisumbua bure, redio ya dukani Nyakoe imesema Uhuru uko karibu, wazungu wa Sotik wameanza kuuza ng'ombe, ya nini kumwimbia mtu anayefunga masanduku. Labda. Lakini jina lako unalihitaji kesho, si siku ya bendera.

Mtoto alikuita Makori mbele ya baba yake. Hapo ndipo Bwana Kofia alipouliza wimbo unasema nini hasa, na hapo ndipo neno langu lilipowavuruga wote. Hiyo sehemu umetusimulia mara tatu tangu juzi, na kila mara Mama anakukataza na kila mara anacheka.

Karani, yule mtu wa Maragoli, akasema, "Baba ni Mungu, Bwana. Wanaomba."

Bwana Kofia akafurahi kidogo. Alikuwa amedhani baba ni yeye.

Nyapara akasema, "Hapana, Bwana. Kwa hawa Wakisii, baba ni mama."

"Baba ni mama?"

"Ndio, Bwana."

"Hawa naomba kwa mama? Hawa Katoliki?"

"Hapana, Bwana. Hawa ni Wasabato."

Bwana Kofia akafikiri, mkamwona anafikiri. "Sasa hii watu naita mimi mama?"

Na hapo watu wakashindwa kujizuia, wakacheka. Ulisema hata nyapara aligeukia ukuta. Nami nikisikia hadithi hii nacheka huku naogopa, kwa sababu najua kilichofuata hicho kicheko. Angeweza kusamehe wimbo. Kicheko hakukisamehe. "Jumatatu leta maneno yote kwa Kingereza. Toto yako iko shule, yeye taandika. Kama ni maombi, sawa. Kama ni matusi, wewe na wale wanawake yote naimba, toka kambi."

Wanawake wote wanaoimba. Nyaboke ana watoto wanne katika chumba kile kimoja cha kambi ya wafanyakazi, na mume hana.

Ndiyo maana mzee wa kanisa alikuja leo baada ya ibada ya mchana. Mimi nilikuwa jikoni lakini ukuta wetu hauzuii kitu. Akasema, "Makori, wimbo wa Sabato umeupeleka kuchuma chai Jumatatu."

Ukamjibu, "Mzee, hata mimi Jumatatu huwa nimepelekwa kuchuma chai. Sauti niiache wapi?"

Akacheka kidogo. Kisha akasema, "Mtoto aandike Baba wa mbinguni. Si uongo. Atakayesoma ataona maombi, na watu watalala kwenye vyumba vyao."

Mama akasema kutoka mlangoni, "Na aandike hivyo. Shamba lile kila mtu ana baba yake, mzungu naye apewe wake. Kwamboka, ada yako ya Fomu Tu inalipwa na majani chai, hailipwi na nyimbo."

"Ataandika kilichoimbwa," ukasema.

"Na kilichoimbwa ni nini?" Mama akauliza.

Ukaja jikoni, ukasimama, ukasema, "Baba, andika kilicho kweli," ukatoka kwenda kuangalia ng'ombe. Ulisema kama mtu anayeomba chumvi.

Mwanangu, kilicho kweli hukijui. Baba wa wimbo si Mungu, wala si Bwana Kofia, wala si mama wa kila mtu kama Nyaboke anavyoamini. Ni mimi. Ni wewe unaniita mimi, na mimi nimeinama. Hilo nitaliandikaje kwa Kiingereza kwa mtu ambaye hajui hata kwamba una mama? Nikiandika baba kwa maana ya karani, wanawake watabaki kambini na wewe utakuwa umekwenda mbele ya watu wote kumwambia Bwana Kofia kwamba mlikuwa mnaomba tu. Wataimba tena, lakini wataimba maombi. Ile asubuhi ya majina itakuwa haikutokea. Nikiandika mama, ataona mnamcheka. Nimekaa na penseli mdomoni mpaka imekuwa na ladha ya chaki.

Nikwambie kitu kingine, ndipo utajua kwa nini siamini kalamu yangu.

Shuleni hawaniiti Kwamboka. Mwalimu wetu wa Kiingereza, yule mama Mzungu mwenye miwani, alipofika kwenye jina langu ulimi wake ulijikwaa. Akasema kwa upole kabisa, "Nitakuita Grace, ni rahisi zaidi." Alinipa na kitabu siku hiyo. Si mtu mbaya. Ni yeye aliyenifundisha kwamba sentensi inaweza kuwa fupi. Nami sikusema sisikii. Niliitika mara moja. Nilipenda. Niliandika Grace kwenye jalada la kila kitabu, kwa mwandiko wa kuunganisha, na nilipolisikia nilijiona mrefu.

Unakumbuka ulipokuja shuleni na ndizi, ukangoja langoni mpaka saa za chakula? Mlinzi alimtuma mtoto darasani. Mtoto akasimama mlangoni akauliza, "Kwamboka yuko hapa?" Wenzangu wakasema hakuna mtu wa jina hilo. Nami nilikuwa ninasoma, nikasikia hilo jina likipita kama la mtu mwingine, nikageuza ukurasa. Wewe ulikaa juani na mkungu wa ndizi kati ya miguu. Nilipotoka ulisema, "Baba, nilidhani umetumwa mahali." Nikakubali kwamba nilitumwa.

Kwa hiyo mimi niliyetunga "niite jina langu" nililiacha la kwangu kwa kitabu kimoja na sauti ya upole. Wewe unaitwa boi kwa fimbo na bado jioni unarudi ukiwa Makori. Sijui nani kati yetu anapaswa kumshauri mwingine. Ninachojua ni kidogo na nakupa jinsi kilivyo: jina halinyang'anywi na mtu mkali peke yake. Ukiwa peke yako na mtu anayekuita vibaya kwa wema, hapo ndipo mimi nilipoanguka, na sikuwa na wimbo wa mahali hapo. Labda kuna siku utaupata. Wewe ni mwepesi wa sauti kuliko mimi.

Na jambo lingine. Ulipoulizwa nani alitunga, ukasema, "Ndio, ni mimi." Usirudie, tafadhali. Najua ulifanya hivyo kwa ajili ya wanawake. Lakini nimekusikia ukisema "ndio, ni mimi" kwa vitu vingi maishani mwako ambavyo havikuwa vyako, mabwawa yaliyobomoka, ng'ombe waliopotea, na kila mara unachelewa kurudi, ukala chakula chako cha jioni kikiwa kimepoa. Ulizaliwa njiani, ndiyo maana ukaitwa Makori. Mama yako alikuwa anarudi kutoka kuuza wimbi, akakuweka chini penye nyasi, akakuita hivyo ili mahali pale pasisahaulike. Yeye mwenyewe aliitwa Kwamboka kwa sababu ya kuvuka mto. Kama majina yetu yana maana yoyote, basi mimi si mtu wa kubaki ng'ambo hii nikikupungia mkono. Lakini nimekuwa huyo kwa muda mrefu.

Koroboi inatoa moshi. Nitaandika ile karatasi sasa.

—

Jumapili, kwa penseli. Tumekaa kando ya barabara tunangoja lori la shamba, wewe umeenda kuongea na Nyaboke na wenzake, na mimi nina goti la kuandikia. Naongeza tu nilichofanya, kwa sababu hujaniuliza na mimi nikiulizwa nitakwama.

Niliandika mistari minne kwa Kiingereza. Nyimbo zote nilizozikariri shuleni hazikunisaidia. Mtu mzima niliandika mtu mzima. Boi niliandika boi, hilo analijua. Sisikii niliandika sisikii, kwa Kiingereza chake, mara mbili, kama inavyoimbwa. Neno baba nililiacha jinsi lilivyo. Sikulitafsiri. Chini yake niliandika kwamba neno hili halina Kiingereza. Kwamba ni mtu. Kwamba mtu huyo ndiye aliyetunga mstari wa kwanza, wala si Makori, wala si mwanamke yeyote wa kambi. Kisha nikaandika jina langu. Niliandika Kwamboka. Lilikuwa fupi kuliko nilivyolikumbuka.

Hilo linaweza kuwa kosa jingine. Mimi sina chumba kambini, hawezi kunifukuza, lakini anaweza kukufukuza wewe kwa ajili yangu, na Nyaboke kwa ajili ya kucheka. Usiku niliona wazi kwamba nimefanya vizuri. Asubuhi nilipokuwa nafunga kamba za viatu sikuona wazi tena.

Kwa sababu karatasi haiwezi kujibu ikiulizwa, nilivaa sare yangu ya shule. Mama alinikuta mlangoni. Akaniangalia kutoka juu hadi chini, akasema, "Shule inafunguliwa Jumatano." Nikasema najua. Akarudi ndani, nikafikiri amekasirika. Akatoka na sweta. Akaniongezea mahindi mawili kwenye mzigo wako, akafunga tena ile kamba kwa nguvu ile ile.

Ulipotoka ukanikuta uani. "Baba, unakwenda wapi?"

Nikasema, "Namsindikiza mwanangu."

Ulicheka ukidhani ni mtoni tu. Tukavuka mto, na mimi sikurudi. Ukanitazama mara moja, ukahamisha mzigo kwenye bega la pili, tukaendelea kupanda mpaka hapa.

Lori linasikika kwenye kona. Nyaboke amesimama, anakung'uta majani kwenye lesso yake. Barua hii nitaitia kwenye mfuko wa koti lako ukiwa unapanda, usome ukiwa peke yako. Ile nyingine nimeishika mkononi. Dereva akisema lori si la wanafunzi, usijibu wewe. Nitamwambia mimi ni mama yako.

Kwamboka